Neno "Free" Lina Milango Mingi: Tuulize Kabla ya Kuingia



Siku ile ya mkutano wa likelemba, tulipokuwa tumekwisha kuhesabu makuta, mama mmoja alitoa pakiti ya biskuti katika kikapu chake. Alikuwa ameinunua sokoni juu ya mume wake, ambaye ana ugonjwa wa sukari. Juu ya pakiti kuliandikwa kwa herufi kubwa: Sugar Free. Mama akatuuliza: "Hii inasema nini? Mtoto wangu anasema kwa masomo wamewafundisha ya kwamba free ni libre. Sasa sukari iko libre namna gani?"

Mwingine akajibu mbiombio: "Hapana, free ni gratuit. Ni bure. Labda wameongeza sukari ndani, na hiyo ya kuongeza hawakulipishi." Tukacheka wote, isipokuwa mwenye biskuti. Mume wake alikuwa anamngoja nyumbani, na kipimo chake cha asubuhi kilikuwa juu. Yeye alitaka kujua jambo moja tu: ampe au asimpe?

Tangu siku ile nimeona inafaa tutoe ukurasa huu kwa neno hilo moja. Sisi tumezoea Kifaransa na Kiswahili, lakini Kiingereza kinatuingilia kwa mlango wa soko. Bidhaa nyingi zinatufikia kupitia Uganda, Kenya, Tanzania na Dubai, na maandishi yake ni ya Kiingereza. Tena nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na watoto wetu wanatamani kazi na masomo kwa majirani. Neno "free" wataliona kila siku: kwenye dawa ya meno, kwenye simu, kwenye mafuta ya ngozi, kwenye tangazo la kazi. Ni neno dogo la herufi nne, lakini mama akilikosea anaweza kupoteza makuta, maziwa yake, au hata binti yake.

Milango minne

Mlango wa kwanza ni bure, kile Wafaransa wanachoita gratuit. "Free entry" ni kuingia bila kulipa. "Buy one, get one free" ni kununua kimoja na kuongezewa cha pili. Wakitaka kusema wazi kabisa wanaandika "free of charge", maana yake hakuna malipo.

Mlango wa pili ni huru, yaani libre. Mtu aliyetoka gerezani ni "free". "Set free" ni kumfungua au kumwachilia. Nchi inayojitawala ni "free". Mtu akikuambia "feel free", hakupi kitu cha bure. Anakuambia usiogope, fanya kama uko kwako.

Mlango wa tatu ni nafasi. "Are you free?" maana yake ni: una nafasi? Kiti kisicho na mtu ni "free". Wamama wenye wasichana wakubwa, mlango huu mnaufahamu vizuri. Kijana akimwandikia binti yako usiku "Are you free tomorrow?", hamwulizi kama ameachiliwa gerezani. Anamwuliza kama kesho ana nafasi ya kuonana naye.

Mlango wa nne ni bila, na hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Neno "free" likikaa nyuma ya jina la kitu, linasema kitu hicho hakimo. "Sugar free" ni bila sukari. "Alcohol free" ni bila kileo. "Interest free" ni mkopo usio na faida ya kuongeza wakati wa kurudisha; wamama wa AVEC mlikumbuke hilo. "Duty free", ile ya maduka ya uwanja wa ndege, ni bidhaa zisizolipiwa kodi ya mpaka. Lakini bei ya bidhaa yenyewe utalipa.

Angalieni basi namna mahali pa neno panavyogeuza maana. "Free sugar" kwenye tangazo la duka ni sukari ya kupewa bure. "Sugar free" ni sukari isiyokuwemo. Tena waganga wana maana yao ya tatu. Shirika la Afya Duniani linaposema "free sugars", linataka kusema sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda. Mwaka 2015 shirika hilo lilishauri sukari ya namna hiyo isipite sehemu moja katika sehemu kumi za nguvu tunazopata kwa chakula cha siku. Kwa hiyo maneno mawili yaleyale yanaweza kukuita ule, au kukuonya usile.

Wafaransa wana maneno mbalimbali kwa mambo hayo: gratuit, libre, sans. Sisi tuna bure, huru, nafasi na bila. Mwingereza anayabeba yote katika kikapu kimoja. Ndiyo sababu mtoto aliyefundishwa ya kwamba "free" ni libre hakudanganywa na mwalimu wake. Alionyeshwa mlango mmoja katika nyumba yenye milango minne.

Pale "bila" isiposema yote

Turudi kwenye biskuti za mama. "Sugar free" ilisema kweli: sukari haikutiwa. Lakini tuliposoma herufi ndogo za nyuma, cha kwanza kabisa kilikuwa unga wa ngano. Unga, hata wa ngano, hata wa mihogo, ukifika tumboni unageuka sukari katika damu. Kwa hiyo mgonjwa wa sukari hawezi kula pakiti nzima kwa sababu tu imeandikwa "free". Atakula kwa kipimo, kama anavyokula bugali kwa kipimo, na atamwuliza muuguzi wake.

Hapa tunapata somo kubwa: "bila" inakutajia kitu kimoja kisichokuwemo. Haikuambii vile vilivyomo.

Somo hilo lina uzito zaidi kwa mafuta ya kung'arisha ngozi. Siku hizi makopo mengine yanaandikwa "Mercury Free" au "Hydroquinone Free". Zebaki, ile Wafaransa wanaita mercure, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mwenye mimba inaweza kumfikia mtoto tumboni. Mataifa yalikubaliana katika mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ya kwamba mafuta na sabuni za ngozi zenye zebaki zaidi ya miligramu moja kwa kilo ziache kutengenezwa na kuuzwa ng'ambo kufika mwaka 2020. Hata hivyo sokoni bado zinaonekana.

Mama, kopo linaloandikwa "Hydroquinone Free" linakutajia sumu moja tu isiyokuwemo. Linaweza kuwa na dawa nyingine kali ya ngozi, zile ambazo mganga peke yake ndiye wa kuziandika, na kwa siku chache tu. Tena mwenye mashine ya kuchapa karatasi anaweza kuandika anachotaka. Kama kopo halina jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo, neno "free" la mbele halina shahidi.

Pale "bure" inapokuwa chambo

Wavuvi wa ziwa Kivu wanakwenda usiku na taa. Sambaza wanaona mwanga, wanausogelea, na mwanga ule hawalipishwi. Asubuhi tunawaona kwenye bassin sokoni. Bure za namna hiyo zipo nyingi, na tatu zinawaangukia sana wamama.

Ya kwanza ni ya simu. "Free trial" ni kujaribu bure kwa siku chache. Siku zile zikiisha, kama hukukata mwenyewe, unités zako zinaanza kupungua kila siku bila wewe kujua. Ukiona neno "trial" karibu na "free", tafuta kwanza namna ya kujitoa. Kama huioni, usiingie.

Ya pili ni maziwa ya kopo. Mama amezaa, anapewa kopo la "free sample", yaani la kuonja bure. Inaonekana kama wema. Lakini maziwa ya mama yanakuja kwa kunyonywa: mtoto akinyonya sana yanaongezeka, akinyonya kidogo yanapungua. Mtoto aliyeshibishwa kwa kopo ananyonya kidogo, na titi linapunguza. Kopo la bure likiisha, mama anajikuta maziwa yake yamepungua, na kopo la pili si bure tena. Hapo wengine wanaanza kuongeza maji ili kopo lidumu, na mtoto anakonda. Kama maji si safi, kuhara kunafuata. Ni kwa sababu hiyo Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha mwaka 1981 kanuni juu ya biashara ya maziwa hayo, na kanuni hiyo inakataza watengenezaji kuwapa wamama makopo ya kuonja bure. Mtoto anyonye titi peke yake miezi 6 ya kwanza, isipokuwa mganga ameamua namna nyingine juu ya ugonjwa. Titi ndilo "free" kwa milango yote: halilipiwi, halina nafasi iliyojaa, na halina uchafu wa chupa.

Ya tatu ni ile inayonikosesha usingizi zaidi. Tangazo linafika kwenye simu ya msichana: kazi ya nyumbani katika nchi za Ghuba, "free visa, free ticket". Anakimbia kwa mama yake: "Mama, safari ni bure!" Pengine tiketi mtu amelipa kweli, lakini aliyelipa anataka kurudishiwa, na mshahara wa miezi ya kwanza ndio unaorudisha. Na lile neno "free visa" lina maana yake ya kienyeji kule. Katika nchi nyingi za Ghuba mfanyakazi mgeni anafungwa kwa mdhamini wake, na utaratibu huo unaitwa kafala. Wauza vibali wanaita "free visa" kile kibali cha mdhamini asiye na kazi ya kukupa: anauza jina lake kwenye karatasi, kisha mgeni anajitafutia kazi mwenyewe kwa watu wengine. Kibali hicho kinauzwa kwa dola nyingi, kwa hiyo si bure. Kufanya kazi kwa asiye mdhamini wako ni kosa katika sheria zao, na unaweza kushikwa, kwa hiyo si huru pia. Maneno mawili yanayometameta, na "free" haimo hata kwa mlango mmoja.

Msichana akitaka kwenda, tusimfungie mlango kwa hasira, maana atapitia dirishani. Tukae naye tusome mkataba. Uko kwa lugha gani? Jina la mwajiri ni nani? Mshahara ni ngapi kwa mwezi? Passeport itabaki mikononi mwa nani? Akifika na kazi ikawa mbaya, nani atamrudisha? Anayesema "free" na anakataa maulizo hayo amekwisha kujibu.

Bure iliyo haki

Wamama, sisemi tuogope kila cha bure. Kuna bure ya chambo, na kuna bure ya haki. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure, na tangu mwaka 2019 serikali ilianza kuitekeleza. Kuzaa bure kulianza Kinshasa mwaka 2023. Bure hizo tumezilipa sisi wenyewe kwa kodi ya soko, kwa kodi ya mpaka, kwa jasho. Kwa hiyo tukizidai hatuombi sadaka.

Vilevile na msaada kwa waliokimbia vita na kwa wagonjwa. Msaada ni bure kabisa. Mtu akimwambia mama au binti ya kwamba jina lake litaingia kwenye liste kama atakubali kulala naye, hiyo si bure, wala si msaada. Ni uovu wa kupelekwa mbele ya wakubwa wa kazi hiyo. Na mama aliyefanyiwa hivyo si mwenye kosa.

Kiswahili chetu chenyewe kinatuonya kwa hekima. "Bure" kwetu ni kitu kisicholipiwa, lakini ni pia jambo lisilo na faida: nimetembea bure, maneno ya bure, nimehangaika bure. Wakubwa wetu waliona mapema ya kwamba kisicholipiwa na kisichofaa wanaweza kulala katika kitanda kimoja.

Nchi iliyoitwa "Free"

Kuna mahali neno hili limeandikwa juu ya jina letu wenyewe. Tangu mwaka 1885 hadi 1908 nchi hii ilikuwa mali ya mfalme Léopold wa Pili wa Ubelgiji. Kwa Kifaransa waliiita État indépendant du Congo. Waingereza waliiita Congo Free State. "Free" hiyo ilisema dola lisilo chini ya dola lingine. Na katika mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 mataifa yalikuwa yameahidiana biashara huru katika bonde la mto Kongo. Watu hawakuwemo katika uhuru huo. Waume walipelekwa porini kutafuta mpira wa miti, na ili wasikimbie, wake zao walifungiwa katika nyumba za rehani mpaka kipimo kitimie. Wengi walikufa humo kwa njaa. Mama zetu walikuwa vifungoni katika nchi yenye neno "Free" juu ya ramani.

Mmoja wa waliofunua uongo huo alikuwa mwanamke, Mwingereza Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari. Mwaka 1904, kule Baringa, alipiga picha ya baba mmoja aliyekaa anatazama mkono na mguu wa binti yake mdogo, vilivyobaki baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kumwua. Picha zake zilionyeshwa Uingereza na Marekani, na watu wakaanza kuuliza: "Free" ya nani? Mwaka 1908 Léopold alilazimishwa kuiachia nchi. Uhuru wenyewe tulingoja mpaka tarehe 30 Juni 1960.

Hata lugha tunayoandikia gazeti hili ilibeba neno hilo. Zamani Kiswahili cha Kongo kiliitwa Kingwana, lugha ya wangwana. Mwungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Wangwana walioandamana na Tippu Tip mpaka Kasongo na Nyangwe, kule Maniema, walijivunia jina hilo, na wakati uleule wengi wao walimiliki watumwa. Huru kwa mmoja, minyororo kwa mwingine. Ndiyo maana neno hili halitoshi kulisikia. Lazima kuuliza linamhusu nani.

Na sasa jambo lililonifurahisha nilipochimba shina la neno lenyewe. Wenye kuchunguza lugha wanasema "free" na "friend", yaani rafiki, vilitoka katika shina moja la zamani lenye maana ya kupenda. Katika nyumba za watu wale wa kale kulikuwa na watumwa, na kulikuwa na wapendwa, wale wa damu na wa jamaa. Wapendwa ndio waliokuwa "free". Mtu huru, mwanzoni kabisa, alikuwa yule anayependwa nyumbani.

Hilo linatupa mama kazi kubwa. Binti anayejua anapendwa kwao, anayesikilizwa mezani, hadanganywi kwa wepesi na "free" ya kwenye simu.

Maulizo matatu ya kufundisha nyumbani

Ukiona neno "free", wewe au mtoto wako, ulizeni:

1. Ni mlango gani: bure, huru, nafasi, au bila?
2. Kama ni bure, nani amelipa, na anataka nini kwangu?
3. Nikikataa, au nikitaka kutoka, nitaweza?

Na maneno haya muyaandike kwenye karatasi, muyabandike ukutani karibu na mahali watoto wanapofanyia kazi za masomo:

- Free entry: kuingia bure
- Free of charge: bila malipo
- Toll free: kupiga simu bila kukatwa unités
- Free trial: jaribu bure siku chache, kisha utalipa
- Are you free?: una nafasi?
- Feel free: usiogope, jisikie kwako
- Set free: kufungua, kuachilia
- Sugar free: bila sukari, lakini soma vilivyomo
- Interest free: mkopo bila faida
- Free kick: coup franc, mpira wa kupiga baada ya kosa

Yule mama wa biskuti alirudi juma lililofuata. Muuguzi wa kituo cha afya alimwambia mume wake anaweza kula biskuti mbili pamoja na chai isiyo na sukari, kisha apimwe. Alikula mbili, na pakiti ikafungwa na kuwekwa juu kabatini. "Sasa," mama akatuambia, "watoto ndio wanaoniuliza kila siku: Mama, leo kabati liko free?"

Mbaki salama, wamama. Kama mna neno jingine lililowasumbua sokoni, hospitalini au kwenye simu, mlilete kwenye mkutano. Tutalifungua pamoja.